DAMU YA KITOVU: NI UCHAFU AU NI AMANA?



Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, napenda leo tuzungumze jambo ambalo kila nyumba ya pwani inalijua kwa upande mmoja na haijalijua kwa upande wa pili. Jambo lenyewe ni kitovu cha mtoto mchanga, na zalio lake, na ile damu inayobaki humo baada ya mtoto kuzaliwa. Najua wako watakaosema: "Sheikh, hayo ni mambo ya wakunga na kina mama, wewe yanakuhusu nini?" Nami najibu kuwa yamenihusu kwa sababu yaliingia nyumbani kwangu, yakakaa juu ya mkeka wangu, na yakanitaka nitoe neno mbele ya watoto wangu hali ya kuwa sina elimu nayo. Mwalimu anayesema asilolijua ana hatari kuliko mwizi, kwani mwizi huchukua mali tu.

Mimi asili yangu ni Pangani. Huko ndiko nilikosoma chuoni, na huko ndiko walikozikwa wazee wangu. Nilikuja Dodoma mwaka 1986 nikiwa kijana, nimeitwa kufundisha watoto Kur'ani, nikadhani nitakaa miaka miwili kisha nirudi baharini. Hivi leo ndevu zimekuwa nyeupe, na vumbi jekundu la Ugogo nimelizoea kuliko mchanga wa pwani. Wala si ajabu. Wazee wetu walipita nchi hii na misafara kabla ya reli kujengwa, na Mpwapwa ilikuwa kituo chao cha kupumzika na kutafuta maji kabla ya kuingia nyika kavu. Basi msomaji ulioko Tanga, Mombasa, Unguja au Lamu, usinione niko mbali. Haya ninayokusimulia ni ya nyumba kama yako.

KITOVU NA MAZIKO YAKE

Kwetu pwani mtu akiulizwa kwao ni wapi, hutaja mahali akasema, "Hapo ndipo kilipozikwa kitovu changu." Neno hili si la mchezo. Mtoto akizaliwa, zalio halikutupwa jaani. Lilioshwa, likafungwa kitambaa, likazikwa uani. Na kile kipande cha kitovu kilipokauka na kudondoka, baada ya juma moja au zaidi kidogo, nacho kilizikwa, na pengine ulipandwa mnazi juu yake, ukawa mnazi wa mtoto huyo.

Katika desturi hii kuna jema, na kuna lililochanganyika nalo. Jema ni kuheshimu kila kilichotoka katika mwili wa binadamu. Wanazuoni wetu wamependekeza kukizika, kwa kuwa mwanadamu ametukuzwa na Mola wake, akiwa hai na akiwa maiti. Lililochanganyika ni zile hofu zisizo na msingi: kwamba zalio likiliwa na mbwa mtoto atakuwa mwendawazimu, au kwamba adui akikipata kitovu atamfunga mtu maisha yake yote. Haya hayana dalili katika dini wala katika akili.

Ama damu iliyomo ndani ya kitovu na zalio, sisi tuliosoma vitabu vya Kishafii tulikuwa na neno moja tu juu yake: ni damu, na damu iliyomwagika ni najisi, basi ioshwe ipotee. Neno hilo ni sahihi katika mlango wa tohara. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba, kwa kuwa jambo lina hukumu moja katika mlango wa tohara, basi halina hukumu nyingine katika mlango wa tiba.

MARADHI YA NYUMBANI KWANGU

Sasa msomaji nivumilie, maana naingia mahali panaponiuma.

Mwaka 1991 nilifiwa na mwanangu wa kwanza wa kiume. Alikuwa na umri wa miaka mitano. Tangu alipokuwa mchanga vidole vyake vya mikono na miguu vilikuwa vikivimba bila ya kuumia. Macho yake yalikuwa na umanjano. Usiku aliamka akilia kwamba mifupa inamwuma, na mama yake akimkanda kwa mafuta mpaka alfajiri. Majirani walisema ni jini la ukoo. Mimi nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikakubali. Nikamwandikia kombe akanywa, nikamfunga hirizi, na nikamwambia mama yake asimpeleke hospitali mpaka siku saba za kisomo zimalizike. Siku ya tano mtoto alifariki.

Sisemi kuwa kisomo hakina baraka. Kur'ani ni poza na ni rehema, na mpaka leo nawasomea wagonjwa. Ninalosema ni kuwa mimi nilikifanya kisomo kuwa kufuli, nikalitia katika mlango wa tabibu. Mtume (s.a.w.) alitufundisha tujitibu, akatuambia kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameteremsha na dawa yake. Hadithi hiyo nilikuwa nikiifundisha darasani kila mwaka, na siku iliponihusu sikuifuata.

Jina la maradhi yale sikulijua mpaka miaka 25 baadaye, alipozaliwa mjukuu wangu wa kiume mwaka 2016 na vidole vyake vikaanza kuvimba vile vile. Safari hii mama yake, yaani binti yangu, hakuniuliza. Alimchukua moja kwa moja hadi hospitali, akapimwa damu, akaambiwa kuwa mtoto ana selimundu.

Maana ya selimundu ni hii. Katika damu yetu mna chembe nyekundu zinazobeba hewa, nazo kwa kawaida ni za duara na laini, hupita kwa urahisi katika mishipa myembamba. Chembe za mgonjwa huyu hujikunja mfano wa mundu, zikawa ngumu, zikakwama na kuziba njia. Hapo ndipo mifupa huuma, na kifua, na pengine ubongo ukakosa damu mtoto akapooza. Kisha chembe hizo hufa upesi, ndiyo sababu ya upungufu wa damu na umanjano wa macho. Mwaka 1910, huko Chicago, tabibu James Herrick ndiye aliyezieleza kwanza katika majarida ya kitabibu chembe hizo zenye umbo la mundu, lakini wazee wetu walikuwa wakizika watoto kwa maradhi haya zamani mno kabla yake. Hapa Tanzania wakadiriaji husema kuwa watoto kiasi cha 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, na nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye wagonjwa wengi zaidi duniani.

Na maradhi haya hayaambukizi, wala si jini. Hurithiwa. Mtu anaweza kubeba nusu ya urithi huo na asiumwe maisha yake yote. Lakini wakioana wawili wanaobeba, basi katika kila mimba iko bahati moja katika nne ya kupata mtoto mgonjwa, mbili katika nne ya kupata mtoto anayebeba bila kuumwa, na moja katika nne ya kupata mtoto aliyesalimika kabisa. Mwaka 1954 mwanasayansi Anthony Allison, aliyefanya utafiti wake katika Afrika Mashariki, alionyesha kuwa wanaobeba nusu hiyo hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana urithi huu umeenea zaidi katika nchi za joto na mbu, kama pwani yetu na kandokando ya Ziwa Victoria, kuliko katika nchi za milima na baridi.

Basi nikaanza kuhesabu. Mke wangu ni binti ami yangu. Na binti yangu mwenyewe nilimwoza kwa mtoto wa dada yangu, nikijisifu kuwa damu imerudi nyumbani. Kweli ilirudi. Sisemi kuoa jamaa ni haramu, kwani Mwenyezi Mungu amehalalisha. Lakini halali nayo hutakiwa iendewe kwa macho yaliyo wazi.

KARATASI YA MGENI

Mwaka 2024 binti yangu alikuwa mjamzito tena. Tayari alikuwa na watoto watatu: msichana mkubwa, huyo mvulana mgonjwa, na msichana mdogo. Akatokea jamaa yetu mmoja, amerudi safarini ng'ambo, akaja kutuamkia. Alipomwona mjukuu wangu amelala na maumivu, akatoa karatasi mkobani. Karatasi ile ilikuwa ya kampuni inayochukua damu ya kitovu cha mtoto akizaliwa, ikaigandisha na kuihifadhi nchi ya mbali, kwa malipo makubwa ya mwanzo na ada ya kila mwaka. Iliandikwa kuwa hiyo ni bima ya uhai wa mtoto, na kuwa mzazi asiyeihifadhi ameitupa bahati isiyorudi.

Mkwe wangu aliisoma mara tatu. Usiku akaja barazani kwangu.

"Mjomba," akasema, "nimefikiri tuuze lile shamba la minazi la Pangani."

"Unauza kwa ajili ya karatasi?"

"Nauza kwa ajili ya mwanangu. Wewe unajua alivyokufa shemeji."

Alikuwa anamtaja mwanangu wa mwaka 1991. Nikanyamaza. Nilitamani kusema uza, kwa sababu ya hatia yangu ya zamani. Na nilitamani kusema usiuze, kwa sababu ya mnazi wangu uliopandwa juu ya kitovu changu. Nikaona kuwa yote mawili si elimu. Nikamwambia, "Nipe siku chache. Safari hii nitauliza kabla ya kusema."

NILIYOAMBIWA NA DAKTARI

Hapa Dodoma, karibu na Chuo Kikuu, iko Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015. Mwaka 2018 ilianza kupandikiza figo, na mwaka 2023 ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Uloto ni ule mafuta-mafuta ulio ndani ya mfupa, ambamo damu yote hutengenezwa. Kabla ya hapo mwenye kutaka tiba hiyo alilazimika kwenda India au Ulaya. Msomaji fahamu kwamba jambo hili linafanyika katika mji ambao wazee wetu waliuona kuwa ni njia tu ya kupita.

Nilikwenda huko pamoja na binti yangu na mumewe. Daktari aliyetupokea alikuwa kijana wa umri wa wanafunzi wangu, naye alitueleza kwa subira, nami nakueleza kama nilivyofahamu.

Ndani ya uloto mna chembe zinazoitwa seli shina. Hizi ni mfano wa mbegu: chembe moja huzaa chembe nyekundu, na nyeupe zinazopigana na maradhi, na zile zinazogandisha damu kwenye jeraha. Mgonjwa wa selimundu mbegu zake zina kasoro, kwa hiyo kila mavuno yake yana kasoro. Tiba ni kuziondoa mbegu zile kwa dawa kali, kisha kumtilia mshipani mbegu za mtu mwingine mzima anayeoana naye. Mbegu hizo husafiri zenyewe mpaka ndani ya mifupa zikaota. Wakati huo mgonjwa hukaa majuma kadhaa chumbani peke yake, maana hana kinga yoyote. Hatari zipo: mbegu ngeni zaweza kuupiga vita mwili uliozipokea, mgonjwa aweza kukosa uzazi baadaye, na wako wanaofariki. Anayefaa zaidi kutoa ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na kila ndugu ana bahati moja katika nne ya kuoana.

Sasa, seli shina hizo hizo hupatikana pia katika damu inayobaki ndani ya kitovu na zalio. Mtoto akishazaliwa na kitovu kukatwa, mkunga huchoma sindano katika mshipa wa kitovu upande wa zalio, damu ikatiririka katika mfuko, na mama na mtoto hawasikii maumivu yoyote. Kisha hugandishwa katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ikakaa miaka mingi. Mara ya kwanza duniani damu hiyo kutumika hivi ilikuwa Oktoba 1988 mjini Paris, katika hospitali ya Saint-Louis. Tabibu Eliane Gluckman alimtibu mvulana mdogo kutoka Marekani, mwenye maradhi ya kurithi yanayoua uloto, kwa damu ya kitovu cha dada yake aliyekuwa amezaliwa karibuni. Mvulana yule alipona akawa mtu mzima. Mwaka 1992 watu wa New York wakaanzisha hazina ya umma ya damu hiyo, ambamo mzazi hutoa bure, na mgonjwa yeyote anayeoana nayo hupewa.

Msomaji, niliposikia haya nilikumbuka mazalio yote niliyoyazika kwa mkono wangu.

Mkwe wangu akauliza, "Basi daktari, karatasi hii ni kweli?"

Daktari akasema, "Sayansi yake ni ya kweli. Maneno ya biashara yaliyozidishwa juu yake ndiyo ya kuangaliwa." Akayahesabu. La kwanza, mtoto akizaliwa na maradhi ya kurithi kama haya, damu ya kitovu chake mwenyewe haimponyi, kwa kuwa mbegu zake zina kasoro ile ile. Kwa hiyo neno la bima ya mtoto mwenyewe si kama linavyosikika, na vyama vya madaktari wa watoto na wa uzazi vya Marekani haviwashauri wazazi wote wailipie kwa watu binafsi. La pili, damu hiyo ni kidogo, pengine haifiki kikombe cha chai, kwa hiyo yamfaa zaidi mtoto mdogo kuliko mtu mzima. La tatu, ni kweli kwamba nyumba yenye mtoto mgonjwa kama yetu ndiyo yenye sababu ya haki ya kuihifadhi damu ya ndugu yake, ila iwe kwa mpango wa hospitali itakayoitumia. Na la nne ndilo lililotupa pumzi. Alisema, "Kama mtoto huyu atazaliwa mzima na akaoana na kaka yake, uloto wake haupotei kitovu kikikatwa. Umo ndani ya mifupa yake. Akikua kidogo twaweza kuutumia, na hapa Dodoma njia tunayotumia ni hiyo."

Kisha akatutazama sote watatu akauliza, "Na wale dada wawili walio hai, mmekwisha wapima?"

Tukatazamana. Hatukuwapima. Tulikuwa tayari kuuza shamba kwa ajili ya aliyemo tumboni, na hatukuwauliza waliokaa nasi kwenye sinia moja.

Shamba halikuuzwa. Wasichana walipimwa, na mkubwa akasema, "Babu, wakinichukua mfupa mmoja nitabakiwa na mingapi?" Nikamwambia hawachukui mfupa, wanachota kilicho ndani, nacho hurudi. Akasema basi wachote. Majibu yalipokuja, hakuna aliyeoana na kaka yao.

SWALI LA BINTI YANGU

Hapo tumaini lote likahamia tumboni. Mimi ndiye niliyeanza. Nikamwambia binti yangu kuwa akizaliwa wa kike tutamwita Shifaa, kwa maana ya poza, awe ni dawa ya kaka yake.

Hakunijibu siku ile. Siku ya pili aliniletea uji, akakaa chini.

"Baba," akasema, "nataka kukuuliza kama sheikh, si kama baba. Mimba hii sikuiomba kwa ajili ya dawa. Imekuja tu. Lakini siku hizi kila anayeniangalia anaangalia tumbo kama duka la dawa, na mimi pia nimeanza kuangalia hivyo. Je, nina dhambi? Na huyu mtoto asipooana na kaka yake, atakuwa amekosa nini?"

Nilijibu nusu ya swali, ile iliyokuwa rahisi. Nikamwambia kuwa juu ya damu yenyewe wanazuoni wamekwisha sema. Baraza la Fiqhi la Rabita huko Makka, katika kikao chake cha 17 cha Desemba 2003, liliruhusu kuchukua seli shina kutoka katika zalio na damu ya kitovu kwa idhini ya wazazi, kwa ajili ya tiba, na kutoka kwa mtoto kwa idhini ya walii wake ikiwa hakuna dhara juu yake. Na Baraza hilo hilo lilikuwa limekwisha amua mwaka 1989 kuwa damu anayotiwa mtoto haina hukumu ya maziwa ya kunyonya, haileti undugu wa kuharamisha ndoa. Nikamwambia pia Mwenyezi Mungu katika Suratul Maida, aya ya 32, amelilinganisha tendo la kuihuisha nafsi moja na kuwahuisha watu wote. Basi kutoa si dhambi, ni thawabu.

Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hiyo ni hukumu ya damu, Baba. Mimi nimekuuliza hukumu ya mtoto."

Ndugu msomaji, nimefundisha zaidi ya miaka 40, na sikumbuki mwanafunzi aliyenirudisha chini hivyo. Nikakaa kimya, kisha nikamwambia lililonijia: "Mwanangu, mtoto ni amana. Amana hupokewa kwa ajili ya mwenyewe aliyeiweka, haipokewi kwa ajili ya faida utakayoipata. Akiwa na kitu cha kumfaa kaka yake, hiyo ni sadaka yake. Asipokuwa nacho, hadaiwi. Na jina la Shifaa nimeliondoa, maana nilitaka kumtwika mtoto deni kabla hajalia kilio cha kwanza."

Akalia kidogo, akachukua bakuli la uji, akaondoka.

KUZALIWA

Mtoto alizaliwa wa kike, salama. Bibi yake alikuwa chumbani, naye ndiye aliyenisimulia. Mkunga hakukikata kitovu papo hapo. Alingoja mpaka kikaacha kupiga, kisha akakibana na kukikata. Mke wangu akacheka akasema, "Ndivyo walivyofanya wakunga wetu wa Pangani." Na kweli hivi leo Shirika la Afya Duniani linashauri kitovu kisibanwe kabla ya dakika moja kupita, kwa sababu katika muda huo damu iliyo katika zalio huendelea kuingia kwa mtoto, ikampa akiba ya madini ya chuma inayomkinga na upungufu wa damu kwa miezi kadhaa. Nikaona hekima katika hilo: mwenye haki ya kwanza juu ya damu ile ni mtoto mwenyewe.

Tuliomba zalio tukapewa. Nililizika mwenyewe uani, ardhi ya Dodoma ni ngumu, nilichimba kwa sururu. Siku ya saba tukamwita jina la bibi mzaa baba yake, jina la kawaida lisilo na deni.

Baadaye alipimwa. Anabeba nusu ya urithi wa selimundu, lakini haumwi. Na kuhusu kaka yake, majibu yalikuwa kama ya dada zake: hawaoani.

Nilidhani nyumba italia. Binti yangu aliifunga ile karatasi ya majibu, akamweka mtoto begani, akasema, "Basi huyu ni mtoto." Hakuongeza neno.

Mvulana wetu anaendelea na matibabu. Kila siku anameza haidroksiurea, dawa inayopunguza kujikunja kwa zile chembe, analala ndani ya chandarua, anakunywa maji mengi, na hakosi kliniki. Tangu ameanza dawa hiyo siku zake za maumivu zimepungua sana, na mwaka huu amehitimu juzuu ya pili. Nasi hatukukata tamaa. Wataalamu wanaendelea kujaribu kuutumia uloto wa mzazi anayeoana nusu. Na mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba ya kuzitengeneza seli shina za mgonjwa mwenyewe kisha kumrudishia, ingawa bei ya mojawapo huko Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2, jambo ambalo mimi na minazi yangu hatulifikii. Lakini penisilini nayo ilikuwa ghali ilipoanza.

NASAHA

Msomaji mpendwa, haya ndiyo ninayokuomba.

Ikiwa una kijana anayetaka kuoa, na hasa akitaka kuoa jamaa, wapelekeni wote wawili wakapimwe damu kabla ya posa kukubaliwa. Kipimo hiki si kuingilia kadari. Ni kama mtu anayepima kina cha maji kabla ya kutia dau.

Ikiwa nyumbani kwako mna mtoto mwenye vidole vinavyovimba, macho ya manjano na maumivu ya mifupa, msomee, umwombee, na siku hiyo hiyo umpeleke hospitali. Usingoje siku saba. Mimi niliingoja ya tano ikanitosha.

Ikiwa mna mgonjwa wa selimundu na yuko mama mjamzito, muulizeni daktari mapema juu ya kitovu na juu ya uloto, wapimeni ndugu walio hai, na msiuze kitu kwa sababu ya karatasi ya biashara kabla ya kumsikia mtaalamu asiye na faida katika kuuza kwenu.

Na zalio endeleeni kulizika. Ni heshima njema.

Juma lililopita mjukuu wangu mvulana alinikuta uani nikimwagilia mkomamanga nilioupanda pale nilipozika zalio la mdogo wake, na kitovu chake kilipodondoka. Akaniuliza, "Babu, kwetu ni Pangani au ni hapa?" Nikamwambia, "Kitovu cha Babu kiko Pangani. Cha mdogo wako kiko hapa." Akafikiri, akasema, "Basi kwetu ni kote." Kisha akachukua ndoo kumalizia kumwagilia, nami nikamwacha, maana siku hiyo alikuwa mzima.

Mwenyezi Mungu atuponyee wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na atusamehe tuliyoyatenda kwa ujinga. Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.